Kijiko Kwenye Mshale

"Kitupe chooni! Kitupe leo hii hii, Baba Asukile, na mdomo wako uufunge!"

"Nikitupe, halafu?"

"Halafu nini? Halafu basi! Mzani umerudi kama zamani, nani atajua?"

"Masunga atajua."

"Masunga, Masunga! Masunga ni ndugu yako? Mlinyonya ziwa moja?"

Yotamu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, koti bado liko mwilini, na mkononi ameshika kijiko cha chai. Kijiko chenyewe si cha kukorogea tena: kimegongwa mpaka kikawa bapa, kimechongwa ncha, kimepakwa rangi nyekundu. Mkewe, Tusekile, alisimama mbele yake na mwiko mkononi. Ugali ulikuwa umeanza kuungua na hakuna aliyejali. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alizima redio yake ili asikie vizuri. Nyumba za chama cha ushirika pale Uyole ndivyo zilivyojengwa: ukuta mmoja, familia mbili, siri hakuna.

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi! Kijiko ni changu. Nilipewa na akina mama wa kanisani siku ya harusi yangu. Kama ni kulia, nitakililia mimi."

Sasa, mtu wa kupita akisikia watu wazima wanagombania kijiko cha chai, atacheka mpaka ashike mbavu. Angejua kijiko hicho kimekaa wapi msimu mzima, asingecheka.

Yotamu alikuwa karani wa mzani kwenye ghala la chama cha pareto. Mzani ule wa saa, wa kilo hamsini, unaning'inia kwenye boriti, una uso wa duara kama sahani na mshale mmoja mwembamba kama njiti ya ufagio. Kioo chake kilishavunjika siku nyingi. Wakulima wanateremka na maua yao makavu kutoka milimani, Masunga mpagazi ananyanyua gunia na kulitundika kwenye ndoano, Yotamu anatazama mshale na kutaja kilo kwa sauti. Kazi yake ni kutazama, basi. Na macho ndiyo yaliyokuwa yanamkimbia.

Aliyegundua ni Tusekile. Kwanza alimwona anamimina chai pembeni ya kikombe. Akafuta meza. Halafu jioni moja mumewe akaingia ndani, akalitolea heshima zote koti lililotundikwa ukutani: "Karibu sana, baba, umefika saa ngapi?" Tusekile alitaka kucheka, kisha akaelewa. Kwenda hospitali ya mjini ilikuwa lazima upate ruhusa ya katibu wa chama, na katibu akishasikia neno macho, karani wa mzani amekwisha. Kazi ikiisha, ufunguo wa nyumba nao unarudishwa. Watakwenda wapi? Shamba lao la kijijini walishaliachia ndugu zamani. Kilichobaki ni Iringa, Kihesa, kwa Tusajigwe, dada yake Tusekile, kulala sebuleni kwa shemeji na kukohoa kwa adabu.

Ndipo Tusekile akachukua kijiko. Alikigonga kwa jiwe kutwa nzima, akaazima tupa kwa fundi baiskeli akachonga ncha, akapaka rangi iliyobaki walipopaka madirisha. "Kifunge kwenye mshale kwa waya," alimwambia. "Mshale ukiwa mnene utauona." Na kweli, Yotamu aliuona. Siku ile alirudi anapiga mluzi. Wakulima nao wakazoea, wakapata na la kutania: "Mzee Yotamu, leo unatupakulia vijiko vingapi?" "Usirambe, bwana, hiyo yangu!"

Hakuna aliyefikiria kwamba kijiko nacho kina uzito. Mzani ukiwa mtupu, mshale ulisimama wima kwenye sifuri, safi kabisa. Lakini mzigo ukitundikwa, mshale unazunguka. Ukiwa unateremka upande wa kulia, kijiko kinauvuta chini, kilo zinaongezeka. Ukishapita chini na kuanza kupanda upande wa kushoto, kijiko hicho hicho kinaurudisha nyuma, kilo zinapungua. Bibi mwenye kifurushi chake alizidishiwa kidogo, akaenda zake anamshukuru Mungu. Mwenye gunia lililojaa alipunjwa nusu kilo, mara nyingine zaidi. Na wenye magunia yaliyojaa ndio wenye sauti.

Magunia hayo hupimwa tena kiwandani. Dereva wa lori kila akirudi kutoka njia ya Iringa alikuwa anatania: "Nyie watu wa Uyole, magunia yenu yanaota njiani kama uyoga!" Katibu wa chama, Saulo, alicheka naye na kumnunulia soda. Kilo zilizozidi zililipwa kwa chama, zikaishia anakojua Saulo. Mpaka siku moja mkulima mmoja akaomba lifti kwenye lori lile lile, akasimama kiwandani na kushuhudia gunia lake mwenyewe linapimwa. Alirudi anawaka. Ijumaa asubuhi ghala lilifurika watu wanataka mwizi, na Saulo akawapa mwizi.

"Mnaliona goti la huyu?" alisema, akimwonyesha Masunga kidole. "Akitundika gunia, analikalisha kwenye goti. Kilo zenu ziko kwenye goti hilo!"

Masunga alikuwa Msukuma, mtu wa kuja. Aliteremka Usangu na ng'ombe, ng'ombe wakafa, akapanda Uyole kubeba mizigo ya watu. Hakuwa na mjomba wala binamu pale wa kusema, jamani, ngojeni kwanza. Mgambo walimfunga mikono kwa kamba ya magunia, wakamfungia kwenye chumba cha mbolea nyuma ya ofisi. Jumatatu kuna mkutano wa wanachama, halafu apelekwe Mbeya mjini.

Watu walipotawanyika, Yotamu alibaki ghalani peke yake. Alitundika gunia moja, akalisoma na kijiko. Akakifungua, akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa mshale, akasoma tena. Akarudia; kilo hazikulingana. Ndivyo alivyofika nyumbani na kijiko mkononi.

"Wewe umekifungua, basi yameisha," Tusekile alisema, sauti sasa imeshuka. "Wakipima wataona mzani mzima. Masunga watamwachia."

"Mzani ukiwa mzima, mwizi ni mtu. Hulioni hilo?"

"Ninachoona mimi ni mvua ikininyeshea nje."

Ugali ule hawakuula. Walimpa mbwa wa jirani, naye aliunusa akaondoka.

Jumamosi, jua likiwa bado halijapasha moto bati, mke wa Masunga akaja. Leokadia alikuwa mwembamba, mrefu, khanga yake imefifia maua yote. Alikuja na kuku mmoja kwapani. Hakuingia ndani. Alipiga magoti pale pale mlangoni, kwenye baridi ya mwezi wa saba, na kuku naye akanyamaza kama aliyefundishwa.

"Mayu, mama yangu, shikamoo."

"Marahaba. Inuka, dada, inuka. Unanipigia magoti mimi?" Tusekile aliangalia huku na huku, majirani walishatoa vichwa. "Pita ndani."

"Nitakaa hapa tu, mayu. Nimemfuata baba."

"Ametoka," Tusekile alisema. Yotamu alikuwa nyuma ya pazia, amekaa kitandani, na wote wawili walijua kwamba kikohozi kidogo tu kitamwaibisha mtu.

"Basi nitamwambia mama, mama atamwambia baba." Leokadia alimweka kuku chini, akiwa bado amemshika miguu. "Mume wangu hawamruhusu kutoka hata kujisaidia mpaka waite mgambo wawili. Mbolea inamwasha macho. Watu wote wanasema aliyosema katibu. Lakini mimi nikasema, jamani, yupo mtu mmoja anayekaa pale mbele ya mzani kila siku. Huyo ndiye anajua goti lilikuwa wapi na gunia lilikuwa wapi. Baba Asukile ndiye macho ya pale. Yeye akisema ameona, ameona. Akisema hajaona, hajaona."

"Atasema," Tusekile akajibu haraka, ili tu yule mwanamke ainuke. "Nenda nyumbani. Atasema."

"Kweli, mayu?"

"Si nimekwambia? Chukua na kuku wako."

"Huyo ni wa kwenu."

"Chukua kuku wako, dada! Watoto wako watakula nini?"

Leokadia alimwacha kuku, akaondoka kwa kurudi nyuma nyuma, akishukuru. Alipokata kona Tusekile aliingia ndani na yule kuku mkononi. Yotamu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Umemwambia nitasema," alisema.

"Nilimwambia aondoke. Sikuwa na neno lingine."

"Macho ya pale," Yotamu alisema. "Umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia. Nyamaza."

Kuku hawakumchinja. Walimfunga kamba kwenye mguu wa meza na kumwekea pumba, na siku nzima mtu akipita pale alikuwa anaangalia pembeni.

Jumapili baada ya ibada, Saulo mwenyewe akabisha hodi. Alivaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na kwapani ameshika kifurushi cha sukari. Sukari! Wakati ule watu wanapanga foleni dukani kuanzia alfajiri na kurudi na mfuko mtupu. Tusekile aliipokea kwa mikono miwili kabla hajajua amepokea.

"Ndaga fijo, asante sana, Ndugu Katibu. Karibu kiti."

"Nimekaribia, mama. Karani, habari za Jumapili?"

Akanyoosha mkono. Chumba kilikuwa na giza, dirisha moja tu, na Saulo alisimama amelipa mgongo. Yotamu alikuwa amekaa anatazama palipotoka sauti. "Nzuri, Ndugu Katibu," alijibu. Mkono wa Saulo ulibaki hewani. Tusekile aliuona. Alitaka kusema kitu, kumgusa mumewe bega, kuangusha sufuria, lolote. Lakini Saulo alishaelewa. Taratibu akauinua ule mkono, akaupitisha mbele ya uso wa Yotamu, kulia, kushoto, huku anamtazama Tusekile na kutabasamu, kama mtu anayecheza na kitoto kichanga.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?" Yotamu akauliza.

"Kumbe ndiyo maana ya kijiko." Akavuta kiti, akakaa. "Na mimi nilidhani ni mapambo. Juzi jioni nimepita ghalani nikaona kijiko hakipo. Nikajiuliza, karani ameona haya gani ghafla? Sasa nimepata jibu."

Kuku alilia chini ya meza.

"Sikiliza, kaka," Saulo aliendelea, na ule ukaka ulikuwa mtamu kama sukari yake. "Mtu asiyeona amesoma mzani msimu mzima. Wakulima wakisikia hivyo, unafikiri watasema pole? Watabomoa hii nyumba mkiwa ndani. Kesho wewe kaa nyuma, utulie. Mimi nitasema yangu. Msimu ukiisha nakutoa kwenye mzani, nakuweka mlinzi wa mchana. Mlinzi kazi yake kukaa. Nyumba hii mtabaki nayo mpaka mtoto wenu amalize shule."

"Na Masunga?"

"Masunga ni kijana, ana nguvu. Kifungo hakiui mtu."

"Kilo zilizozidi ziko wapi, Ndugu Katibu?"

Saulo alifuta vumbi lisilokuwepo kwenye suruali yake. "Kilo za chama ziko kwenye chama. Na wewe ni mtu wa chama. Mama, hebu mpikie mzee chai, aitie sukari. Akili inamwenda mbali kwa kunywa chai chungu."

Alipotoka, Tusekile aliinjika maji. Hakumwangalia mumewe. Alijisikia nafuu, na ile nafuu ilimchoma. Nyumba ingebaki! Angelala usiku bila kuhesabu vyombo vya kuhamisha. Aliweka vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe, akakoroga, akamwekea mkononi.

Yotamu alikishika mpaka kikapoa. Halafu akakirudisha mezani kikiwa kimejaa vile vile.

"Alifanya nini na mkono wake?" aliuliza.

"Mkono gani?"

"Tusekile." Alikuwa hajamwita kwa jina hilo tangu Asukile azaliwe. "Nilisikia upepo usoni. Alifanya nini?"

Mkewe alikichukua kile kikombe.

"Alikupungia," akasema. "Alikuwa anakupima."

Jumatatu ugomvi ulianza upya hata kabla ya kunawa uso. Yotamu alivaa shati jeupe la ibada. Alikuwa anafunga vifungo na amekosea kimoja, upande mmoja wa kola umepanda sikioni.

"Hivyo ndivyo unavyokwenda? Kama mlevi?"

"Nifungie basi."

"Sikufungii! Ukienda kule nenda hivyo hivyo, wakuone vizuri." Lakini vidole vyake vilishafika shingoni kwa mumewe, vinafungua, vinafunga upya, kwa hasira, mpaka vifungo vikataka kung'oka. "Umesikia alichosema Saulo. Wewe ukisema tu huoni, leo leo tunatolewa. Mimi nitamwandikia nini Asukile huko shuleni? Kwamba baba yako ameuza nyumba kwa goti la Msukuma?"

"Mwandikie hivyo."

"Una kiburi."

"Kiburi gani, mama? Mtu nimepungiwa mkono nyumbani kwangu kama mbuzi. Nikinyamaza leo, yule atanipungia kila siku mpaka nife. Nikiwa mlinzi wake, atanipungia. Nikila sukari yake, atanipungia. Na kila nikimwona Leokadia," alisita, "kila nikimsikia Leokadia, nitajificha nyuma ya pazia."

"Nilikutengenezea kile kijiko ili tuishi!"

"Najua."

"Niliumia vidole!"

"Najua, Mama Asukile. Nilivishika usiku, vilikuwa vimevimba. Nilijua."

Tusekile akageuka ukutani. Nje watu walishaanza kupita kuelekea ghalani, sauti za wakulima, viatu vya matairi vinakwaruza changarawe, mmoja anacheka: leo Msukuma atapima kilo za jela! Yotamu alipapasa mezani akachukua kijiko, akakitia mfukoni.

"Watakuuliza nani alikifunga," mkewe alisema bila kugeuka.

"Mimi. Ni mimi nilikifunga."

"Na nani alikitengeneza?"

"Mimi vile vile."

Tusekile alicheka, kicheko kikavu, hakina hata chembe ya furaha. "Wewe? Na macho hayo? Uligonga kijiko, ukachonga ncha, ukapaka rangi bila kujipaka pua? Saulo atasimama hapo hapo aseme, jamani, kipofu gani fundi namna hii? Huyu alikuwa anaona vizuri, alijua anachofanya. Watakufungia chumba kimoja na Masunga."

"Basi nitasema nini?"

Tusekile alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya ugomvi, kama vile bado anamkatalia.

"Sema ni mke wangu. Sema, mke wangu aliona sioni, akanitengenezea, sisi wote hatukujua kwamba kinakula kilo. Halafu uwaulize kilo zilizozidi kiwandani zimelipwa kwa nani. Uliza kwa sauti. Kama unaharibu, Baba Asukile, haribu lote. Usimwachie Saulo kipande."

"Watakusema bombani."

"Hata Kihesa kwa dada kuna bomba."

Yotamu alipapasa kijiko mfukoni. Kisha akaweka mkono ukutani, akaufuata mpaka mlangoni, akafungua. Ukungu wa asubuhi ukaingia miguuni mwao. Mtu mmoja barabarani akaita, "Karani! Twende, wanakungoja!" naye akaitika kwa sauti ya ghalani, ile ya kutaja kilo.

Tusekile hakumfuata, wala hakumwambia kwa heri. Alimwona akivuka kizingiti kwa kunyanyua mguu juu kuliko ilivyohitajika, kisha akigeuka, akitafuta kitasa kwa kidole na kuufunga mlango kwa nje.